Kutoka Madrid hadi Ourense kwa njia ya kahawa

Jumatatu, Madrid

Siku ya Mhispania imegawanywa kwa vikombe vya kahawa. Asubuhi mapema ni café con leche, nusu kahawa nusu maziwa ya moto, pamoja na mkate uliochomwa ukapakwa nyanya ya kusaga na mafuta ya zeituni. Kati ya saa nne na saa tano mtu hushuka tena kutoka ofisini au kwenye ujenzi, anakwenda baa kupata cha pili. Chakula cha mchana huliwa saa nane au saa tisa alasiri, na baada yake huja solo, kahawa tupu ya mafunda mawili matatu, au cortado, ambayo ni hiyohiyo iliyotiliwa maziwa kidogo kupunguza ukali. Jioni wapo wanaoanza upya.

Yote hayo hufanyika baa, na msomaji wa kwetu inabidi kwanza aiweke kando baa anayoijua. Baa ya Hispania hufunguliwa alfajiri. Leo asubuhi, kwenye kaunta moja ya mtaa wa Lavapiés, nilimkuta bibi na kigari chake cha sokoni akinywa con leche, mtoto wa shule na glasi ya maziwa ya chokoleti, na fundi rangi mwenye ovaroli akimiminiwa brandi ndani ya solo yake. Hiyo ya fundi ndiyo carajillo. Walikuwa bega kwa bega na hakuna aliyemtupia mwenzake jicho.

Nimefikia kwa dada mmoja wa Tanga aliyeolewa huku miaka mingi. Mumewe, ambaye namwita shemeji, ni mtu wa Galicia, kaskazini-magharibi, na wiki ijayo wanakwenda kwao Ourense kwa sikukuu ya San Martiño. Tumekubaliana kwamba mimi nizunguke kwanza pwani ya mashariki na kusini, tukutane huko. Dada hatumii kilevi. Aliniambia, "Mdogo wangu, usihofu. Ukisema sin alcohol wanakutengenezea bila neno. Ila uone kwanza vinavyotengenezwa, maana kila mkoa una wake na kila mmoja unajiona ndio wenyewe."

Kabla ya kuondoka baa nilimwomba mhudumu anionyeshe pakiti ya kahawa. Nimekulia Kagera, kwenye mibuni ya robusta, aina ya kahawa iliyo kali na chungu, na siwezi kunywa kahawa ya watu bila kuuliza imetoka wapi. Pakiti iliandikwa mezcla, mchanganyiko. Sehemu yake ni buni zilizokaangwa kawaida, sehemu ni torrefacto. Torrefacto hukaangwa pamoja na sukari: karibu na mwisho wa kukaanga sukari humwagwa ndani ya pipa, inaungua na kuzivika buni ganda jeusi linalong'aa. Sheria inaruhusu hadi kilo 15 za sukari kwa kilo 100 za buni mbichi. Aliyesajili njia hiyo Hispania ni José Gómez Tejedor, mwanzilishi wa Cafés La Estrella, mwaka 1901. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyokwisha 1939, nchi ilipokuwa na njaa na kahawa ni adimu, torrefacto ilienea kila kona, kwa sababu ganda lile linaihifadhi buni, rangi yake ni nzito, na kahawa kidogo inatosha watu wengi.

Buni zenyewe kwa sehemu kubwa ni robusta. Vietnam hupeleka nyingi, na Uganda, jirani zetu wa ng'ambo ya Mto Kagera, wameihesabu Hispania miongoni mwa wanunuzi wao wakubwa. Wapenzi wa kahawa za kisasa wa Madrid wanaidharau robusta na wanaidharau torrefacto zaidi. Kuhusu ladha nawaelewa, kwani sukari iliyoungua ina uchungu unaokaa kooni. Lakini uchungu huohuo ndio uliowafanya Wahispania watafute maziwa ya kopo, ramu, brandi na maganda ya limau, na ndiyo safari ninayoifuata.

Usiku tulipita Café Gijón, iliyofunguliwa 1888 kwenye Paseo de Recoletos. Waandishi walikuwa wakikaa humo saa nzima nzima wakibishana juu ya kikombe kimoja. Palijaa, tukaendelea na njia.

Jumanne, Valencia

Treni ya kasi kutoka Madrid haifiki saa mbili. Nilishuka na njaa, nikaenda karibu na Soko Kuu, lile jengo la chuma, vioo na vigae lililofunguliwa 1928, nikaagiza bombón.

Bombón ni glasi ndogo. Chini kuna maziwa ya kopo, yale mazito yenye sukari, kiasi cha nusu. Juu yake solo iliyomiminwa taratibu kupitia mgongo wa kijiko. Inakuja imegawanyika kwa mstari ulionyooka, nyeupe chini, nyeusi juu. Mtu hukoroga mwenyewe. Nilionja kabla ya kukoroga nikakutana na ukali mtupu. Nilipokoroga ikawa laini. Nafikiri hiki ndicho kinywaji ambacho msomaji wa Dar au Mombasa anaweza kukifanya nyumbani kesho bila kutafuta kitu cha kigeni, na hakina kilevi.

Jioni mvua ilinyesha. Niliandika, nikalala mapema, kwa sababu mwenye nyumba ya wageni aliniambia kesho asubuhi nisile kitu kabla ya saa nne.

Jumatano, Valencia

Mwenye nyumba ya wageni alikuwa na haki. Watu wa Valencia wana mlo wao wa saa nne asubuhi unaoitwa esmorzaret, na wanauheshimu kuliko chakula cha usiku. Asili yake ni wakulima wa mashamba yanayouzunguka mji, bustani za mboga, michungwa na mipunga. Waliingia shambani alfajiri, na jua likipanda walihitaji kula kitu cha kuwafikisha mchana.

Baa niliyokwenda iko pembeni ya mji, kwenye barabara ya malori. Ukikaa tu, kabla ya kuulizwa, inakuja sahani ya zeituni na karanga zenye maganda. Inafuata divai na chupa ya soda nyeupe ya kuipunguza nguvu. Halafu mkate mrefu uliopasuliwa katikati na kujazwa unachotaka: soseji za kuchoma na zile nyeusi za damu, mayai ya kukaanga na viazi, hata nyama ya farasi na majani mabichi ya kitunguu saumu. Meza ya jirani walikuwa mafundi bomba, upande wa pili wastaafu wenye karata zao. Wanakula kwa kelele kweli.

Baada ya mkate huja cremaet, na hapo nilihama meza nikasogea kaunta ili nione inavyofanywa.

Mhudumu alichukua glasi nene. Akaweka sukari, akaongeza ramu vidole viwili, ganda la limau lililokatwa bila ule weupe wake mchungu, kipande cha mdalasini, na punje tatu za kahawa. Akaingiza bomba la mvuke la mashine ndani ya glasi mpaka ramu ikaanza kufuka, akaiwasha. Moto wa buluu ukapanda. Aliuacha uwake huku akikoroga kwa kijiko kirefu ili sukari iyeyuke na limau litoe mafuta yake. Harufu ikafika hadi mlangoni. Watu wa hapa wana maoni makali kuhusu muda wa kuuacha moto. Ukiuzima haraka, pombe inabaki kali na kifua kinaungua. Ukiuchelewesha, inabaki sharubati. Yeye aliuzima kwa kufunika kisahani, kisha akaweka glasi chini ya mashine, kahawa ikadondoka polepole juu ya ramu. Ikakaa hivyo kwa matabaka: ramu ya rangi ya asali chini, kahawa juu, povu jembamba juu kabisa.

"Ukikoroga sasa umeiharibu," akaniambia. "Kunywa kidogo kidogo, chini utafika tu."

Nilimuuliza kama moto huondoa pombe yote. Akatikisa kichwa. Sehemu inaondoka, nyingi inabaki, na ndiyo sababu yule dereva wa lori pale mwisho wa kaunta anakunywa cortado. Kwa jirani zao wa Castellón, kaskazini kidogo, cremaet ni jambo la heshima vilevile, na kila upande una la kusema juu ya glasi ya mwenzake. Mimi nilipenda kwamba mtu aliyetoka kuchimba mtaro anatengenezewa kitu kwa uangalifu namna ile, dakika tano nzima, na foleni inasubiri bila kulalamika. Bei haikufika yuro 3.

Alhamisi, Alcoi

Treni ya kutoka Xàtiva kwenda Alcoi hupanda milima taratibu sana, na dirishani ni milozi na mizeituni. Alcoi ni mji wa viwanda uliojengwa juu ya mabonde, madaraja kila upande. Katika karne ya 19 ulikuwa ukitengeneza karatasi, ikiwemo ya kusokotea sigara, pamoja na nguo za sufi. Mwaka 1873 wafanyakazi wake waligoma na kuushika mji kwa siku kadhaa, tukio ambalo bado linaitwa mapinduzi ya petroli.

Wafanyakazi haohao ndio walioanzisha café licor. Walikwenda kiwandani na kahawa iliyochanganywa na pombe kali, kwa ajili ya baridi ya mabondeni na zamu ndefu. Baadaye kikawa kinywaji kamili cha chupa: kahawa iliyokaangwa kawaida, bila ile sukari ya torrefacto, hulowekwa kwenye pombe bila kupashwa moto, ikachujwa na kutiwa sukari. Leo jina lake linalindwa kisheria, na kisichotengenezwa kwa masharti yao hakiruhusiwi kuandikwa Alcoi.

Nilikinywa baada ya mlo, kimepoa, kwenye kiglasi kidogo. Harufu ni ya kahawa iliyosagwa sasa hivi na utamu wake si wa kukera. Vijana hapa huchanganya na kola kwa barafu, na kiangazi huongeza barafu ya limau iliyosagwa. Mwezi Aprili, kwenye sikukuu ya Wamoro, yaani Waislamu wa zamani wa Hispania, na Wakristo, inayofanyika karibu na siku ya Mtakatifu George, vikundi vyote vya gwaride hukibeba. Mzee aliyekaa karibu nami, mstaafu wa kiwanda cha nguo, alisema baba yake alikuwa akikinywa kabla ya zamu ya alfajiri na hakuwahi kukiita anasa. "Ilikuwa sweta yake ya pili," akasema.

Kuna pia herbero, pombe ya majani ya mlima Mariola na anisi. Sikuipenda, nzito kwangu. Nimeiandika tu kwa haki ya mlima.

Ijumaa, Cartagena

Basi hadi Alicante, kisha jingine kusini. Njiani, juu ya kilima kikavu, likatokea lile fahali jeusi ambalo kila mgeni hulipiga picha. Wengi hawajui kwamba lilikuwa tangazo la brandi. Manolo Prieto alilichora mwaka 1956 kwa ajili ya Veterano, brandi ya kampuni ya Osborne ya El Puerto de Santa María. Sheria ya kuondoa matangazo barabarani ilipokuja, maandishi yalifutwa, na mwaka 1997 Mahakama ya Juu iliamua fahali wabaki kwa sababu watu wameshawachukulia kuwa sehemu ya mandhari.

Brandi hiyo ya upande wa Jerez ndiyo inayoingia kwenye carajillo nyingi za nchi hii, ingawa kwenye kaunta mtu bado huagiza coñac, kwa jina la brandi ya Wafaransa. Hukomazwa kwenye mapipa ya mwaloni yaliyowahi kuwa na divai ya Jerez, yamepangwa safu juu ya safu. Inayotiwa chupani hutolewa safu ya chini kabisa, pengo likajazwa kutoka safu inayofuata, na hiyo kutoka ya juu yake, hivyo chupa yoyote ina mabaki ya miaka mingi iliyochanganyika. Muda wa chini kabisa ni miezi 6, na ile ya daraja la juu haipungui miaka 3. Kwa carajillo hutumika ya chini, na ndivyo inavyostahili, kahawa haihitaji brandi ya harusi.

Cartagena ni bandari ya jeshi la majini, mji wa kale uliopigwa jua, na ukumbi wa michezo wa Warumi ulioibuliwa mwaka 1988 uko katikati ya nyumba za watu. Nimekuja kwa sababu ya asiático.

Hiki ni kinywaji cha mashambani, cha nyanda kavu za nje ya mji. Inasimuliwa kwamba kilizaliwa kwenye baa ya kando ya barabara huko El Albujón katika miaka ya 1940, na kwamba mwanzoni kiliitwa cha Kirusi, jina ambalo chini ya utawala wa Franco, dikteta aliyepinga ukomunisti, halikuwa salama kulitamka kaunta. Kina glasi yake pekee, nene, yenye mguu mfupi na mistari ubavuni. Chini maziwa ya kopo, vidole viwili. Juu yake brandi, kisha kidogo ya Licor 43, pombe tamu ya mjini hapa. Mhudumu aliyenihudumia alipasha hivyo vitatu kwa mvuke kwanza, akaongeza punje mbili za kahawa na ganda la limau, akateremsha kahawa, akamalizia kwa povu la maziwa na vumbi la mdalasini. Kina joto, kinanukia vanila, kinashika tumbo. Nilikaa nacho nusu saa nikitazama manowari bandarini.

Hapa nilielewa kitu nilichokuwa nakizungukia tangu Madrid. Cremaet, café licor na asiático vyote ni vya watu walioamka mapema kuliko tajiri wao, wakipewa kahawa mbaya na mapumziko mafupi. Walichokifanya ni kuchukua vilivyokuwepo, kopo lisiloharibika kwa joto, limau la uani, pombe ya bei nafuu, wakatengeneza kitu chenye adabu. Naona hadhi kubwa ndani yake. Wanaovipigia picha leo kwenye migahawa ya ghali wangefaa kuambiwa hivyo.

Jumamosi, Cartagena

Licor 43 ni ya mjini hapahapa, ukoo wa Zamora ulianza kuiuza mwaka 1946. Rangi ya dhahabu, ladha ya machungwa na vanila, na wanasema viungo ni 43, ila orodha hawaitoi. Mchana nilikwenda La Unión, mji wa machimbo ya zamani ya risasi na fedha. Wachimbaji walikuwa na mchanganyiko wao wa anisi na divai tamu, láguena, wa kunywa kabla ya kushuka shimoni. Machimbo yamefungwa lakini láguena bado inauzwa, na ni kali.

Viatu vimejaa vumbi jekundu. Kesho ni basi la kutwa.

Jumatatu, Málaga na kwenye reli

Jumapili nzima imeliwa na barabara, sina la kuandika juu yake.

Málaga wana namna yao ya kuagiza kahawa, na ni ya watu makini. Baada ya vita, kahawa ilipokuwa ghali, kila mteja alitaka kipimo chake cha maziwa, na kosa moja lilikuwa hasara. José Prado Crespo, mwenye Café Central kwenye Plaza de la Constitución, alipanga vipimo vyote kwa majina, na baadaye vikachorwa kwenye vigae ukutani: safu ya glasi, kila moja na kiwango chake cha weusi. Kuna solo, largo, semi largo, solo corto, mitad ambayo ni nusu kwa nusu, entre corto, corto, sombra ambayo ni kivuli cha kahawa juu ya maziwa, na nube, wingu, maziwa yaliyotiwa kahawa kidogo tu. Glasi ya kumi ni tupu, na jina lake ni "usiniwekee".

Café Central ilifungwa mwaka 2022. Majina hayakufungwa. Leo asubuhi, kwenye baa ndogo ya nyuma ya soko la Atarazanas, watu watano mbele yangu waliagiza vipimo vitano tofauti na mhudumu hakuandika hata kimoja. Nikaomba sombra. Ilikuja kwenye glasi, kama kila kahawa ya maziwa ya hapa, na ganzi ya mikono yangu ikaisha, maana upepo wa bahari ulikuwa na ubaridi.

Mchana nilipanda treni ya kasi hadi Madrid, jioni nyingine kwenda Ourense. Reli mpya ya Galicia ilifika hapo Desemba 2021, na safari imekuwa ya saa mbili na kitu. Dada na shemeji walinipokea kituoni na mwavuli.

Jumanne, Ourense

Leo ni tarehe 11 Novemba, San Martiño, msimamizi wa mji. Shule na ofisi zimefungwa. Watu hupanda vilimani na magunia ya castaña, zile njugu nono za milimani, wakaziwashia moto na kuzichoma pamoja na soseji, wakinywa divai ya mwaka huu ambayo ndiyo kwanza imetulia. Moshi uko kila bonde. Katikati ya mji, As Burgas, maji ya moto hububujika kutoka ardhini, zaidi ya nyuzi 60, na mvuke wake unachanganyika na moshi wa njugu.

Chakula kikuu tulikila nyumbani kwa mama yake shemeji, kijijini, bonde la mto Miño. Dada anamwita mama, mimi nikaona nimwite bibi, naye akapendezwa alipoelezwa. Tulikaa mezani kuanzia saa nane mchana hadi giza lilipoingia. Ukaaji huo wa baada ya kula ni desturi yenye jina, sobremesa, na kuinuka mapema ni kumkosea mwenyeji. Kahawa ililetwa, na pamoja nayo chupa nne zisizo na lebo, zote za orujo, pombe kali ya machicha ya zabibu: nyeupe, orujo ya majani yenye rangi ya manjano, ya krimu, na nyeusi tii. Nyeusi ndiyo licor café, na ndiyo Ourense yenyewe.

Wapo wanaokunywa orujo kwenye kiglasi, wapo wanaodondosha kidogo kwenye kahawa, wakaiita café con gotas. Bibi alidondosha kwenye ya kwake bila kupima, na mkono haukutetemeka.

Shemeji aliwasha queimada baadaye, uani: orujo na sukari, maganda ya limau na punje za kahawa kwenye bakuli la udongo, moto wa buluu ukichotwa kwa upawa na kumwagwa tena, huku akisoma maneno ya kuwafukuza wachawi. Wageni hudhani maneno hayo ni ya kale mno. Yaliandikwa na Mariano Marcos Abalo mwaka 1967, Vigo. Hilo halikunipunguzia raha, shemeji aliyasoma kwa sauti nzito na watoto wa majirani wakanyamaza wote.

Jumatano, kijijini

Asubuhi bibi alinionyesha kazi.

Orujo hupikwa kwa machicha ya zabibu: maganda, mbegu na vijiti vinavyobaki divai ikishakamuliwa. Novemba ndiyo majira yake. Zamani wapishi wake walizunguka kijiji kwa kijiji na mitungi yao ya shaba, wakikaa nyumba hii siku mbili, ile siku moja, na bado wapo wanaofanya hivyo kwa kibali. Moto lazima uwe mdogo. Mvuke hupita bombani, unapozwa kwa maji, unatoka matone. Ya kwanza hutupwa kwa kuwa ni sumu, ya mwisho huachwa kwa kuwa ni maji maji, na hifadhi ni ya katikati. Mimi nilitoka mkoa wa gongo ya ndizi, na nilipoona ule mtungi sikuhitaji kufasiriwa chochote.

Kwa licor café bibi huchukua dumu la kioo lililovikwa kikapu. Humo orujo, na kwa kila lita konzi mbili za buni alizozipondaponda kwa chupa tupu bila kuzisaga, sukari, ganda la chungwa na kijiti kimoja cha mdalasini. Dumu hukaa gizani wiki sita hivi, akilitikisa kila apitapo. Halafu huchuja kwa kitambaa mara mbili. Shemeji alidai mdalasini hauhusiki, jirani akaja na kusema chungwa ndilo lisilohusika, wakabishana mpaka bibi akawaondoa jikoni wote wawili. Nilinusa buni zake: robusta imo, tena nyingi. Nikamuuliza kwa nini, akasema ile nyingine, yaani arabika, inapotea ndani ya orujo, hii inasimama.

Nilimwambia kwetu robusta huchemshwa ikiwa na ganda lake, pamoja na majani yenye harufu nzuri, ikakaushwa, na mgeni akifika hupewa punje za kutafuna kabla ya neno lolote. Alitaka kujua kama inaumiza meno.

Dada alikuwa amekaa kando ya jiko la kuni wakati wote huu. Bibi akamwekea sufuria lake: maji, yakichemka kahawa ya kusagwa ikamwagwa ndani, ikachemka tena kidogo, kisha akachukua kaa jekundu kwa koleo na kulitumbukiza humo. Lilichacharika, na masimbi yakaenda chini. Hiyo ni café de pota, kahawa ya kale ya Galicia kabla ya mashine kuingia vijijini. Dada alipokea kikombe, akanywa, akaguna.

"Mama, hii ni kahawa ya barazani kwetu Tanga," akasema. "Imekosa tangawizi tu."

Shemeji alifasiri. Bibi akauliza tangawizi inawekwa lini, kabla ya kahawa au baada yake, na kiasi gani. Dada akamwambia kabla, iliyopondwa, ichemke na maji mpaka yabadilike rangi. Bibi akavua aproni, akamtuma shemeji kwa gari, sokoni Ourense, kabla hawajafunga.